Je, Moyo wa Mgonjwa Wapimika?



Tuingiapo wodini kumtazama mgonjwa, twaona karatasi iliyoandikwa joto la mwili wake, mapigo ya moyo, msukumo wa damu na dawa alizopewa asubuhi na jioni. Kila jambo lina tarakimu yake. Lakini mtu huyo aweza kuwa hakulala usiku kucha kwa hofu ya upasuaji, au anawaza ada ya watoto na shamba lililoachwa bila palizi, na hayo hayana mstari katika karatasi ile. Swali letu mwezi huu ni hili: je, ni haki kuupima moyo wa mgonjwa kama apimwavyo homa? Na mwenye kupima adaiwa nini?

Vipimo vya namna hiyo vipo. Mwaka 1983 madaktari wawili wa Leeds, Uingereza, Zigmond na Snaith, walitoa kipimo kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali za kawaida, si wa magonjwa ya akili. Kina maswali 14: 7 ya wasiwasi, na 7 ya sonona, yaani ile huzuni nzito imwondoleayo mtu hamu ya mambo yote. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo kila upande hauzidi alama 21. Anayefikia 11 au zaidi katika upande mmoja yafaa aangaliwe kwa makini. Madaktari hao waliacha kwa makusudi maswali ya kuumwa kichwa, kukosa usingizi na uchovu, maana mwenye kidonda kibichi hukosa usingizi kwa maumivu tu. Kipimo kingine kilichotolewa mwaka 2001, ambacho kimetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa Kenya na Tanzania, kina maswali 9 juu ya wiki mbili zilizopita, nacho huuliza habari za usingizi na hamu ya chakula. Basi mgonjwa mmoja, siku moja, aweza kuonekana vingine katika kila kimoja. Tarakimu hutegemea aliyetunga swali.

Sisi tuliofundisha miaka mingi twalijua jambo hili. Mtoto akipata 30 katika hesabu, alama ile haisemi kama ni mvivu, au haoni vema ubaoni, au hajala tangu jana. Je, tutupe alama? La. Mwalimu mwenye watoto 50 mbele yake, asiye na alama zozote, atawajua upesi wawili tu: yule ang'aaye na yule asumbuaye. Wengine watampita. Wodini ni vivyo hivyo. Mgonjwa aliaye huonekana. Yule aliyenyamaza akageukia ukutani, akameza kila kidonge bila neno, husifiwa kuwa ni mgonjwa mzuri, na kumbe huenda ndiye aliyekwisha kukata tamaa. Swali linaloulizwa kwa kila mtu pasipo kuchagua humfikia na huyo. Hapo ndipo penye haki ya kupima: kipimo hakiwapendelei wenye sauti.

Hata hivyo kuna shida mbili. Ya kwanza ni lugha. Katika kile kipimo cha Leeds, swali mojawapo la hofu hutaja vipepeo tumboni. Mwingereza huelewa mara moja. Mwambie mzee wetu maneno hayo, naye atadhani unamwuliza habari za minyoo. Sisi husema moyo mzito, au roho juu juu, au nina mawazo; na asemaye ana mawazo hajisifu kwa akili. Ndugu zetu Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Watafiti wa huko, katika miaka ya 1990, hawakutosheka na kutafsiri. Walitunga maswali 14 kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe, na hiyo ndiyo njia ifaayo.

Shida ya pili ni adabu. Tumelelewa kujibu "sijambo" kwanza, kisha ndipo tuongeze "ila kifua kidogo". Aliyevunjika mguu ataulizwa habari naye atajibu "nzuri". Huo si uongo. Ni heshima ya kutomtwika mwenzetu mzigo kabla hajaketi. Sasa mtazame mzee aliyelala, akiulizwa na binti wa umri wa mjukuu wake, amesimama na kalamu mkononi, huku wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisikiliza. Atajibu kwamba hana neno, tangu swali la kwanza hata la mwisho. Karatasi itasema moyo wake ni mzima, kumbe imepima adabu yake tu.

Kwa hiyo twasema kwamba kupima ni haki, lakini swali la namna hii ni deni. Lile swali la 9 la kipimo cha mwaka 2001 humwuliza mtu kama amewaza kwamba ni afadhali afe, au kama amewaza kujidhuru. Hilo si swali la kuuliza na kufunua ukurasa. Aliyeuliza hana budi kulipa: kwa kuketi, kwa kusikiliza, na kwa kumwita awezaye kusaidia. Kuuliza ili fomu ijae tu ni kufungua kidonda na kuondoka na bendeji.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli kwa uji, maana uji wamfaa kila mgonjwa. Lakini majonzi hayafanani. Mmoja alilia mguu, mwingine aliona haya kuoshwa na wageni, mwingine hajapata mgeni tangu alazwe. Asipoulizwa, tutampa kila mmoja faraja isiyo yake.

Mfano mwema twaupata Harare. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kazi pamoja na akina bibi wa mtaani waliofundishwa kuketi na wenye taabu juu ya benchi nje ya zahanati. Mtu huulizwa yale maswali 14, lakini mambo hayaishii hapo. Bibi humsikiliza na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Matokeo ya uchunguzi yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosaidiwa hivyo walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Palikuwa na maswali, na palikuwa na mtu wa kuyapokea majibu.

Nasi tuendao kuwatazama wagonjwa baada ya ibada hatuna karatasi, lakini tuna swali: "Waendeleaje?" Penye birika la Bethzatha, Bwana wetu alimwuliza mtu aliyeugua miaka 38 kama ataka kuwa mzima. Yule mtu hakujibu ndiyo wala siyo, bali alieleza kwamba hana mtu wa kumsaidia. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake. Yafaa, basi, wengine wakiisha kuaga, mmoja wetu abaki na kuketi, maana asimamaye huonekana anaondoka. Aulize mara ya pili, kwa sauti ya chini: "Na usiku je, walalaje?" Mgonjwa akinyamaza, naye anyamaze. Asikimbilie kusema, "Utapona tu." Na akisikia neno la kutaka kufa, asilifanye siri, bali amwambie muuguzi siku ile ile.

Hospitali na zipime mioyo ya wagonjwa, na maswali yawe ya lugha yetu. Lakini asiye na nafasi ya kulisikia jibu, heri asiulize.