Weupe si Usafi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo niliiandika ubaoni mara nyingi katika miaka yangu ya ualimu, lakini sikuwahi kujiuliza: ufa usioonekana wala kuuma, ni wajibu wa nani kuutafuta? Swali hilo nimelikuta uzeeni, kwenye kiti cha daktari wa meno.

Mwaka jana fizi zangu zilianza kutoka damu kila nilipopiga mswaki. Nikafanya wafanyavyo wengi: nikaacha kusugua palipotoa damu, nikidhani napapumzisha. Jino moja lilipolegea, binti yangu alinipandisha basi, tukatoka hapa Bagamoyo kupitia Zinga na Mapinga hadi Dar es Salaam.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa wanangu. Baada ya shikamoo aliniuliza, "Mzee, unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili," nikajibu. Nilidanganya, mimi niliyewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

Hakubisha. Alinipa kioo nikaona, nyuma ya meno ya mbele ya chini, ukoga ulioganda kama chokaa ukutani. Akanieleza kwamba kila siku utando laini wa vijidudu hujijenga juu ya meno. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha, na hapo mswaki hauuwezi tena. Ufizi huvimba na kuachana na jino, kisha mfupa unaolishika jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote.

Nikamwambia kwamba barazani husemwa kukwanguliwa ukoga hulegeza meno. Akatabasamu. "Utasikia mianya, na utapata ganzi siku chache ukinywa maji baridi, kwa sababu ukoga ulikuwa umekalia mahali pa ufizi. Lakini mzee, ukoga haukuwa umeyashika meno yako. Ulikuwa unayafukuza."

Alipomaliza kazi nikauliza kama sasa yatakuwa meupe. Akasema weupe si usafi. Wako watu, akasema, waliokulia kandokando ya Mlima Meru, ambako maji ya sehemu nyingi yana floridi kupita kiasi. Meno yao hupata madoa ya kahawia tangu yanapoumbwa utotoni, kabla hayajachomoza. Doa hilo limo ndani ya jino lenyewe. Halitoki kwa mswaki wala kwa kukwanguliwa. Mtu wa namna hiyo aweza kuwa na kinywa safi kuliko mwenye meno meupe.

Nilinyamaza. Nilikumbuka mwaka 1984, nikiwa mwalimu mkuu. Kila Jumatatu tulikagua kucha, nywele na meno mstarini, kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu. Alikuwapo mvulana wa darasa la sita, ambaye baba yake, mtumishi wa serikali, alikuwa amehamishiwa pwani kutoka Arumeru. Meno yake yalikuwa ya kahawia. Nilimtoa mbele ya shule nzima nikamwamuru akayasugue kwa mkaa. Wenzake wakacheka. Jumatatu iliyofuata alirudi na fizi zilizochubuka na meno yaleyale. Nikamchapa kwa ukaidi. Tangu siku hiyo alicheka kwa kuziba mdomo na kiganja.

Je, naweza kujitetea kwamba sikujua? Nimelipima jambo hili kwa muda mrefu. Kutojua habari za floridi si kosa. Kutouliza, huku umeshika fimbo, ni kosa. Ningemwuliza tu, "Mwanangu, nyumbani kwenu wengine wana meno ya namna gani?" angenifundisha. Tena, doa lake halikuwa kazi ya mkono wake. Ukoga wangu ulikuwa kazi ya mkono wangu. Aliyeadhibiwa ni yeye.

Nikaagizwa: mswaki laini, dakika mbili asubuhi na dakika mbili kabla ya kulala, nisikwepe panapotoa damu, uzi kati ya meno, kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi siku chache za mwanzo, nirudi baada ya miezi sita. Hapo niliona jibu la swali langu la ufa. Daktari ana ujuzi wa kuuonyesha na kuusafisha kwa saa moja. Siku zilizobaki zote ni zangu, wala hakuna atakayenikagua mstarini.

Fizi zangu hazitoi damu tena. Lile la mwaka 1984 halina chombo cha kulikwangua. Yule mvulana sasa ni mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, na sijui aliko. Kila usiku nisimamapo mbele ya kioo na mswaki wangu, humkumbuka, nikatamani kujua kama siku hizi anacheka bila kiganja.