Ndugu Yetu Asiyetutazama Usoni

Jamaa nyingi zinaye: kijana mwenye akili safi, ajuaye hesabu kuliko mwalimu wake, lakini akisalimiwa na mjomba hutazama ukuta. Wazee husema hana adabu. Wengine, nasi twaona haya kuliandika, hunong'ona habari za uchawi. Sivyo. Daktari Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto wa namna hii mwaka 1944. Baada ya 1981 hali hiyo ikajulikana kwa jina lake, na siku hizi huhesabiwa kuwa ni usonji. Mtu huzaliwa nayo. Si kosa la mama.

Basi semeni naye pasipo mafumbo. Mkimwambia "njoo baadaye", hajui lini. Mwambieni saa tisa. Makelele ya arusi yaweza kumwumiza kweli: mwacheni atoke nje. Nanyi wakubwa wa kazi, mpeni karani huyu mahali penye utulivu, wala msimgeuzie kazi ghafula, na msimpunje mshahara kwa kuwa hajui kuchekacheka.

Nasi tuliomcheka kanisani alipomsahihisha padre tarehe katikati ya mahubiri (na tarehe yake ndiyo iliyokuwa sawa), tunalo la kuungama Jumamosi hii.