Mbwa aliyefunzwa na mtoto asiyefunzwa



Katika darsa za fiqhi hapa chuoni, mlango wa uwindaji huwa tunaupita mbio. Mwalimu anasoma masharti, sisi tunaandika, kisha tunakimbilia milango tunayodhani inatuhusu zaidi: ndoa, riba, nyama ya mikahawani. Wengi wetu kuku tunayemjua ni yule aliyekwisha katwa vipande, na swala tunamwona kwenye nembo ya taifa. Lakini ndugu zetu wanaotoka Yumbe, Arua au Gulu wanajua kwamba mlango huu haujafungwa. Kiangazi kikiingia na nyasi zikachomwa, wanaume hutoka na nyavu, mikuki na mbwa kutafuta ndezi na kanga, na nyuma yao hufuata watoto. Mmoja ana miaka minane. Mwingine ana mitano, na ameshika fimbo ndefu kuliko yeye.

Swali langu ni hili: mzazi Mwislamu anayemtia mtoto mdogo hivyo katika kazi ya kuua, anamlea au anamharibu?

Si swali la vijijini kwetu peke yake. Huko Marekani, jimbo la Wisconsin liliondoa mwaka 2017 umri wa chini wa miaka kumi kwa watoto wanaowinda wakiwa na mtu mzima kando yao. Baada ya hapo leseni zilikatwa hata kwa watoto wasiofikisha mwaka mmoja. Mtoto anayebebwa mgongoni, ana leseni ya kuwinda kulungu! Tunaweza kucheka, lakini wazazi wale wana hoja: mtoto atakuwa karibu na baba yake, mbali na simu, na atajua nyama inatoka wapi. Karibu nasi zaidi wako Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao wavulana wao hupata upinde wakiwa wadogo sana na huanza kwa kulenga ndege na wanyama wadogo karibu na kambi. Kwao huo ni mwanzo wa kujilisha, na hakuna aliye na haki ya kuwasimanga akiwa ameshika paja la kuku. Kwa hiyo nisingependa tuanze na umri. Umri ule ule wa miaka mitano unabeba mambo tofauti kwa mtoto wa Eyasi na kwa mtoto wa mwenye gari la kifahari huko Wisconsin.

Tulipojadili suala hili baada ya darsa, wapo waliosema mtoto asione damu kabisa, kwa kuwa moyo wake bado laini. Sikubaliani nao. Kila Idul Adh-ha tunawaleta watoto uwanjani, wanamwona kondoo waliyemlisha majani wiki nzima akilazwa akielekezwa Kibla, na hatusemi tumewadhuru. Mtoto aliyefichwa kisu hana huruma zaidi ya mwenzake. Ana ujinga zaidi. Anajua ladha ya nyama na hajui bei yake. Na nimewaona watu wazima waliolelewa hivyo, mtu anatupa nusu sahani ya pilau ya mbuzi pale kantini bila kupepesa macho.

Wengine walikuja na jibu la fiqhi: jamhuri ya wanazuoni wamekubali kichinjwa cha mtoto mumayyiz, yaani mtoto anayepambanua jambo, akielezwa anaelewa na akiulizwa anajibu. Basi kama akichinja nyama ni halali, kuna tatizo gani? Jibu hili ni sahihi, lakini limejibu swali lingine. Fakihi aliyeandika hivyo aliulizwa kuhusu nyama iliyopo mbele ya watu: iliwe au itupwe? Hakuulizwa kuhusu moyo wa aliyeshika kisu, wala kama baba yake alifanya vyema kumpa. Mambo mangapi yanasihi katika sheria na bado mzazi mwenye akili hamfanyii mwanawe?

Mimi naona jibu liko mahali ambapo hatukutazamia, kwa mbwa.

Adiy bin Hatim (R.A.), ambaye kabila lake la Tayy lilikuwa la wawindaji, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mbwa wa kuwindia. Majibu aliyopata yamo katika Bukhari na Muslim, na ndiyo nguzo ya mlango mzima. Mbwa awe amefunzwa. Umtume wewe, utaje jina la Mwenyezi Mungu. Mbwa akimla mnyama, usile, maana huenda amejishikia mwenyewe, hakukushikia wewe. Ukikuta mbwa mwingine amechanganyika na wako, usile, kwa kuwa ulitaja jina la Allah juu ya mbwa wako tu. Na mafakihi, hasa wa madhehebu yetu ya Shafi, wakaeleza mbwa aliyefunzwa ni yupi: akitumwa anakwenda, akikatazwa anasimama, akikamata anashika bila kula, na hayo yarudiwe mara nyingi mpaka ijulikane kuwa si bahati tu.

Tuitazame orodha hiyo tena. Kukimbia na kuuma hakumo, kwa kuwa mbwa alizaliwa anavijua. Kilichoongezwa na mafunzo ni kujizuia. Sheria imekataa kuihesabu kazi ya meno yake kuwa kazi ya mwindaji mpaka mnyama yule awe na uwezo wa kusimama akiitwa huku damu inamchemka. Na Qur'ani, katika Suratul Maida aya ya nne, inawataja wanyama hawa kuwa wanafunzwa katika yale ambayo Allah amewafunza wanadamu. Elimu imeshuka kutoka kwa Mola, ikapita kwa mwanadamu, ikamfikia mbwa.

Sasa turudi kwa mtoto wa miaka mitano mwenye fimbo. Je, akiambiwa simama, anasimama? Ndezi akichomoka kwenye nyasi, mbwa wanabweka na wanaume wanapiga kelele, mtoto yule anaweza kushusha mkono? Kila aliyewahi kuishi na watoto anajua jibu. Mtoto wa umri huo hajui bado kuacha biskuti ya ndugu yake. Kumpa silaha ni kumpa kile ambacho sheria haikumpa mbwa kabla ya mafunzo. Sidhani kuna baba kijijini ambaye angemfungulia kamba mbwa asiyesikia, lakini mwanawe anamfungulia, tena anajivuna.

Kujizuia huku si jambo la pembeni. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 94, Allah anawaambia waumini kuwa atawajaribu kwa mawindo yanayofikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili ajulikane nani anamcha pasipo kuonekana. Waliambiwa hayo kuhusu hali ya ihramu. Mnyama yuko karibu, mkuki upo, njaa ipo, hakuna anayekuona, na wewe unapita. Mwindaji wa Kiislamu anapimwa kwa mnyama aliyemwacha kama anavyopimwa kwa aliyempata. Hapa Uganda jambo hili lina sura ya kila siku, kwa sababu mpaka wa hifadhi haufungwi kwa ukuta. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 imekaza adhabu mpaka, kwa makosa makubwa, kifungo cha maisha. Baba anayevuka mpaka huo usiku akiwa na mwanawe anamfundisha masomo mawili kwa mpigo: kuwinda, na kwamba haramu ni ile inayoonekana na askari.

Niseme pia kuhusu vyombo, maana hapa ndipo watoto wanapoharibika kweli, na wazazi hawaoni.

Cha kwanza ni manati. Mtoto hupewa manati kama anavyopewa mpira. Lakini Abdullah bin Mughaffal (R.A.) alimwona jamaa yake akirusha vijiwe kwa vidole, akamkataza, akimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) ameyakataza hayo, kwa kuwa hayamwindi mnyama wala hayamwangushi adui, bali yanavunja jino na kutoboa jicho. Jamaa yule aliporudia, Abdullah aliapa kutosema naye. Yote hayo kwa kijiwe! Na ndege aliyekufa kwa pigo la jiwe, bila kukatwa wala kuwahiwa akiwa hai, ni mauqudha, aliyetajwa katika aya ya tatu ya Suratul Maida pamoja na mzoga. Adiy aliambiwa hivyo hivyo kuhusu mshale: ukipiga kwa ncha kula, ukipiga kwa ubavu usile. Kwa hiyo njiwa wengi wanaoangushwa na watoto wetu hawaliwi kihalali, na mtoto hajui. Anaua, anachoma, anakula, na hakuna aliyemkalisha.

Cha pili ni tanzi la waya. Hili ni baya zaidi, kwa kuwa linaua wakati mwenyewe amelala. Mnyama aliyenyongwa mpaka akafa ametajwa katika aya ile ile. Akikutwa hai akachinjwa, hilo ni jambo lingine, lakini ni tanzi gani linalosubiri? Katika msitu wa Budongo wako sokwe wengi wenye mikono iliyolemaa kwa nyaya ambazo hazikutegwa kwa ajili yao. Mtoto anayepelekwa alfajiri kukagua matanzi anajifunza kwamba mateso ya usiku kucha hayana mwenyewe. Na Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa Allah ameandika wema juu ya kila kitu, hata katika kuua na kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Hadithi hiyo ya Shaddad bin Aws tunaihifadhi katika Arubaini Nawawi tangu madrasa. Tunaitumia kwa mbuzi wa Idi na kumsahau ndezi.

Kuna ndugu aliyeniuliza: je, wazee wetu hawakusema wafundisheni watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi? Maneno hayo, ambayo vipeperushi vingi humnasibishia Mtume, yanajulikana zaidi kwa Sayyidna Umar. Sina neno nayo. Mtume mwenyewe aliwahimiza watu wa Aslam kulenga mishale, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mlengaji. Lakini shabaha haina roho. Ibn Umar (R.A.) alipowakuta vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wakimlenga, walitawanyika walipomwona, naye akawaeleza kuwa Mtume amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Anas naye aliwakuta watoto na kuku aliyefungwa, akakataza vivyo hivyo. Mtoto afundishwe kulenga, tena mapema. Alenge papai bovu, alenge kopo. Tofauti kati ya kopo na njiwa ndiyo somo lenyewe, na anayeanza na njiwa huenda asiione tena.

Na kama tunatafuta mtoto na ndege katika sira, yuko Abu Umair, mdogo wake Anas, mtoto mchanga aliyekuwa na ndege wake mdogo wa kuchezea. Ndege alikufa. Mtume (S.A.W.) alimkuta na huzuni, akamuuliza habari za ndege wake kwa maneno ya upole yenye vina. Mwanazuoni wa Kishafi Ibn al-Qass alitunga kitabu kizima juu ya hadithi hii fupi, akatoa humo faida zaidi ya sitini. Mimi naongeza swali moja tu dogo. Mtume wa Allah aliuchukulia msiba wa ndege kuwa msiba, kwa sababu ulikuwa msiba kwa mtoto. Ni wangapi kati yetu, mtoto akilia juu ya mnyama aliyeuawa, tungemwambia wanaume hawalii?

Kilio hicho si ugonjwa wa kutibiwa kwa kumpa mtoto mkuki mapema. Baba anayemcheka mwanawe porini anamnyang'anya kitu ambacho yeye mwenyewe atakihitaji siku atakapokuwa mzee dhaifu mikononi mwa mwana huyo.

Je, mtoto abaki nyumbani? Hapana, na hapa natofautiana na dada mmoja aliyetaka tuandike umri wa balehe kuwa mpaka. Tunawaamrisha watoto swala wakiwa na miaka saba bila kungoja balehe; wanasimama nasi safu ya nyuma, wanakosea, wanazoea. Mtoto wa miaka saba anaweza kwenda na baba yake, abebe maji, amshike mbwa kamba, akimbie kukusanya wavu. Afundishwe kuchuna na kugawa nyama, fungu la jirani likitangulia. Amsikie baba akitaja jina la Allah kwa sauti kabla ya kutupa mkuki. Amwone akimwacha jike mwenye mimba. Amwone pia akiiacha nyama iliyotiliwa shaka, kwa mfano mnyama aliyeanguka majini, kwa kuwa Adiy aliambiwa asimle yule. Siku baba atakayorudi mikono mitupu kwa sababu ya shaka, mtoto atauliza kwa nini, na njia nzima ya kurudi nyumbani itakuwa darsa.

Nami nauliza kwa nini mazungumzo yote haya ni ya wavulana. Kijakazi wa Kaab bin Malik aliona kondoo anakufa malishoni, akavunja jiwe, akamchinja kwa ukali wake, na Mtume akaruhusu aliwe. Yule alikuwa peke yake, mjuzi wa kazi yake, na aliwahi.

Mkuki wenyewe apewe lini? Wazee waliniambia jibu ambalo sijalipata vitabuni ila linaafikiana navyo: mtoto huachiwa kwanza mbwa. Akiweza kumwita mbwa aliyekwisha kuona windo, na mbwa akarudi, wanamtazama upya.