UKUTA WA MAYATIMA: Nasaha kwa aliyechoshwa na nyumba kongwe

 

Ndugu zetu wasomaji, usiku mmoja katika darsa yetu, baada ya sala ya Isha, alisimama ndugu yetu mmoja wa upande wa Msambweni, mtu mpole asiyezoea kusema mbele za watu, akatuuliza swali ambalo hatukulitazamia. Hakuuliza habari ya udhu wala ya zaka. Alisema: "Masheikh wetu, mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba kongwe ya babu yetu, ya mawe na chokaa. Huu ni mwaka wa saba naitengeneza. Nikiziba huku, pavuja kule. Fedha zangu zimekwisha, mke wangu na watoto walala chini ya turubali, na ndugu zangu wataka kiwanja kiuzwe. Nimechoka. Lakini linalonitisha si kuchoka. Linalonitisha ni kuwa nimeanza kuichukia nyumba, na kumchukia fundi, na nikisimama kuswali nahesabu mawe. Je, haya ni dhambi? Na dawa yake ni nini?"

Tulitaka kumjibu kwa neno moja, yaani, subiri. Lakini mmoja wetu aliinua macho akaitazama dari ya chumba tulichokaa, naye akanyamaza, nasi sote tukanyamaza. Kwani nyumba hiyo ya darsa yetu nayo ni kongwe, tuliipokea kwa wakfu, na imetuchukua miaka mingi pasi na kwisha. Kumwambia mwenzako asubiri ni jambo jepesi ulimini. Nasi tuliona haya kumpa mwenzetu dawa ambayo wenyewe hatujainywa. Basi tulimuomba atupe muhula wa juma moja, na haya ndiyo majibu yetu, tuliyoyaandika ili yamfae yeye, na yatufae sisi, na yamfae kila mwenye nyumba ya aina hii, tokea Diani hata Vanga.

Kwanza twasema kwamba kuchoka si dhambi. Katika Suratul Kahf Mwenyezi Mungu ametusimulia safari ya Nabii Musa (A.S.) alipokwenda kumtafuta mja mwema aliyepewa elimu, ambaye hadithi za Mtume zamtaja kwa jina la Khidhri. Katika safari hiyo Nabii Musa alimwambia kijana wake kuwa wamepata taabu na machofu, akamtaka alete chakula. Mtazameni Mtume mkubwa wa Mwenyezi Mungu! Hakuona aibu kusema kuwa amechoka, wala hakujifanya kuwa mwili wake ni wa chuma. Alikiri uchovu wake, kisha akaendelea na azma yake. Basi asiyetaka kukiri kuwa amechoka anajitakia daraja ambayo hata Mitume hawakuidai.

Lililo baya ni lile linalozaliwa na uchovu usiotazamwa, nalo ni kukata tamaa na rehema za Mola, na kuwamiminia hasira watu wasiokuwa na kosa. Hapa ndipo alipofika ndugu yetu, na ndipo tulipofika sisi kabla yake.

Sasa tuizingatie sehemu ya mwisho ya kisa hicho hicho. Nabii Musa na Khidhri waliingia katika mji, wakawaomba wenyeji chakula, nao wakakataa kuwakaribisha. Katika mji huo wa mabakhili wakaukuta ukuta unaotaka kuanguka, Khidhri akausimamisha. Nabii Musa akastaajabu, akasema kuwa lau angelitaka angechukua ujira kwa kazi ile. Hapo ndipo walipofarikiana. Na kabla ya kufarikiana alielezwa siri ya ukuta ule: ulikuwa wa watoto wawili mayatima wa mji huo, na chini yake palikuwa na hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema, Mola alitaka watoto wale wakue, kisha waitoe hazina yao.

Enyi ndugu zetu, angalieni! Kutengeneza ukuta wa zamani ni kazi iliyotajwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Na kazi hiyo aliyeifanya hakula matunda yake, na waliokuwa wakipita njiani hawakujua maana yake, na wenye faida nayo walikuwa bado watoto wasioweza hata kushukuru. Sisi twachoka upesi kwa sababu twaitengeneza nyumba huku macho yetu yako kwenye siku ya kumaliza, siku ya kualika watu na kusifiwa. Siku hiyo kila tukiikaribia yakimbia. Lau tungeitengeneza kwa ajili ya wale ambao hawajakua, kila jiwe lililokaa mahali pake leo lingekuwa ni kazi iliyokwisha na ujira uliothibiti.

Na tuongeze jambo la pili, nalo ni ibra tuipatayo sisi, si tafsiri ya Aya. Khidhri alisimamisha ukuta mmoja. Hakuujenga mji mzima. Aliuona ule unaotaka kuanguka, akauanza huo, akaumaliza, akaenda zake.

Sisi hatukufanya hivyo, na yatupasa tukiri kosa letu ili wengine wasiliingie. Tulipoipokea nyumba yetu tulibomoa lipu vyumba vyote kwa pamoja, tukafungua dari mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa tulitaka watu waone kuwa kazi imeanza kwa nguvu. Fundi wetu, mzee aliyeirithi kazi ya uashi kwa baba yake, alitunasihi tuanze juu, kwenye sakafu ya paa inakoingilia maji. Tulimuona kuwa mwoga. Kisha alipotuambia kuwa chokaa haina budi irowekwe shimoni ikae siku nyingi ndipo ifae, tuliona kuwa atupotezea wakati ili aongeze siku za ujira. Tukanunua saruji, tukaupiga lipu ya saruji ukuta wa upande wa bahari, naye tukamkaripia mbele ya vijana wake.

Mzee hakujibu neno. Aliyejibu ni ukuta. Jiwe la matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa, kama mtu avutavyo pumzi na kuzishusha. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi, na chumvi ile ikikauka hukua ndani ya jiwe na kulivunja. Zilipokuja mvua nyingi za mwisho wa mwaka 2023, zile zilizoleta mafuriko katika pwani yetu, lipu yetu ilianguka vipande vipande, na nyuma yake mawe yalikuwa yakimomonyoka kama sukari. Tulikwenda kwa mzee nyumbani kwake tukamtaka radhi, tukamlipa na siku zake tulizokuwa tumezichelewesha, nasi twajua kuwa Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Yeye alicheka tu, akatuuliza kama chokaa tumekwisha kuiroweka.

Tangu siku ile twafahamu kuwa nusu ya uchovu wetu haikutoka kwenye nyumba. Ilitoka kwenye haraka yetu, na kwenye kibri yetu. Nyumba kongwe ina mwendo wake. Chokaa haikauki kwa kukaripiwa. Boriti za mikoko hazikatwi leo bila ya kibali, na hilo ni haki, kwani watu wa Gazi wameonyesha kuwa mikoko iliyohifadhiwa yawafaa watu wa mji wote. Masika yakiingia kazi ya nje husimama. Anayekasirika kwa mambo haya anamkasirikia aliyeyapanga.

Basi dawa tunayompa ndugu yetu ni hii:

Mosi, atie paa kwanza, kisha amalize chumba kimoja kikamilifu, awaingize humo mkewe na watoto wake, na vyumba vingine avifunge milango asivitazame. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ni ndogo. Siku moja ya kazi katika kila juma, isiyokosa, ni bora kuliko mwezi mmoja wa pupa na mwaka mzima wa majuto.

Pili, aupe mwili wake haki yake na ahali zake haki yao. Salman alipomkuta Abu Dardai amejichosha kwa ibada hata mkewe akasahauliwa, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Ikiwa hayo ni katika swaumu na sala za usiku, itakuwaje katika mawe na chokaa?

Tatu, aketi na ndugu zake waandike mirathi yao, kila mmoja fungu lake kwa sheria, na gharama alizozitoa yeye ziandikwe vile vile. Ugomvi mwingi katika nyumba hizi huitwa uchovu, na asili yake ni hesabu isiyoandikwa. Wala asikope kwa riba, kwani paa lililoezekwa kwa riba halimkingi mtu na mvua ya Akhera.

Nne, asiwasikilize wanaomwambia kuwa nyumba haishi kwa sababu ina shetani wake, na kwamba lazima pachinjwe mbuzi mweusi mlangoni au paitwe mganga azindike. Ufa una sababu yake, na sababu yake ni maji. Fedha ya mganga ainunulie chokaa, na dua amuombe Mola wake bila ya dalali.

Tano, na hili huenda likawachukiza baadhi ya wapenzi wa mambo ya kale: nyumba si msikiti, wala si sanamu ya kuabudiwa. Khidhri aliusimamisha ukuta kwa ajili ya watoto. Hakuwatoa watoto kwa ajili ya ukuta. Ikiwa ndugu yetu, baada ya kushauriana na kuswali Istikhara, ataona kuwa kuendelea kutawadhulumu wanawe chakula na elimu, basi kuacha si haramu, na kuuza kwa ridhaa ya warithi wote si khiyana. Lakini asiuze kwa hasira, wala kwa sababu mnunuzi wa viwanja vya pwani amemtajia bei usiku wa mvua. Uamuzi wa aliyechoka na ungoje mpaka alale.

Ndugu zetu, nendeni Diani mkautazame Msikiti wa Kongo, kwenye mlango wa mto Mwachema, katikati ya mibuyu. Wataalamu huukadiria kuwa ni wa karne ya 14 au ya 15, na hata leo huswaliwa ndani yake. Msidhani kuwa umesimama kwa nguvu ya mawe yake peke yake. Jengo la chokaa husimama kwa mikono ya watu wasiotajwa, huyu akaziba ufa, yule akapaka, na kila mmoja akafa kabla hajaona mwisho. Na kinyume chake twakijua. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020, hali likiwa katika kutengenezwa, na watu wawili wakafariki. Jumba la mfalme halikusalimika kwa fahari yake. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi twaongeza kuwa mwenye kuziba ufa mmoja leo asijidharau.

Na ndugu yetu akisimama kuswali, na mawe yakamjia moyoni, asikate tamaa. Na amkumbuke Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail (A.S.) walipokuwa wakiinua misingi ya Nyumba Tukufu. Walikuwa wakijenga, na huku wakijenga walikuwa wakimuomba Mola wao awakubalie. Hawakuomba wamalize upesi, waliomba wakubaliwe. Basi na yeye ayageuze mawe anayoyahesabu kuwa dua, kila jiwe aliombee kukubaliwa, na kila jiwe amuombee babu yake aliyeliweka mara ya kwanza.

Twamaliza kwa kusema kuwa nyumba yetu ya darsa bado haijesha. Chumba cha mashariki hakina dari, na ukuta wa upande wa bahari waangojea chokaa iliyomo shimoni. Lakini chumba kimoja kimekamilika, na ndani yake watoto wasoma. Ndugu yetu wa Msambweni alipoyasikia majibu haya alituuliza shimo letu la chokaa lina kina gani, kisha akatutaka radhi, akaondoka mapema, kwani mkewe alikuwa akimngoja.

Ewe Mola wetu, tupe subira katika kazi zetu, na insafu kwa wanaotufanyia kazi, na mapenzi baina yetu na ndugu zetu, na utujaalie tuwaachie watoto wetu kuta zilizosimama na nyoyo zilizosalimika. Amin.

Wabillahi ttawfiq.