Daktari, Sala na Ushahidi

Akiwa mtoto mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, Denis Mukwege alifuatana na baba yake, mchungaji wa Kipentekoste, kwenda kuwaombea wagonjwa. Baba aliomba; dawa hakuwa nazo. Mtoto akaazimia kuwa mtu wa kuzileta.

Mwaka 1999, akiwa sasa daktari, alianzisha Hospitali ya Panzi, iliyo chini ya kanisa, kwa nia ya kuwasaidia akina mama kujifungua salama. Mgonjwa wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa. Miaka iliyofuata waliletwa hata watoto wachanga waliobakwa.

Hapo imani inakutana na swali zito: anayeshona jeraha bila kumtaja aliyelitia, ametimiza amri ya kumpenda jirani? Panzi imejibu kwa kuunganisha tiba ya mwili na ushauri wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na mafunzo ya kujitegemea. Mukwege mwenyewe akapaza sauti hadharani. Mwaka 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, na mlinzi wake akauawa. Mwaka 2018 alitunukiwa Nobel ya Amani pamoja na mwanaharakati Nadia Murad.

Wapo waumini wema wanaomsihi mwathirika kwanza asamehe, atunze heshima ya ukoo. Wanakosea, tena vibaya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila kikao cha wazee kinazila saa hizo. Msamaha ni wake yeye aliyeumizwa, na hana deni nao kwa yeyote. Kituo cha afya kinapaswa kumpokea kwanza, kumwamini, kumtibu, na kuandika kwa uangalifu kilichoonekana mwilini, ili akitaka kwenda mahakamani asiende mikono mitupu.