Jibu Lililo Sawa Linaweza Kuwa Uongo?

Baba yangu mzazi alicheka sana siku niliyomsimulia habari hii. Mwaka wa 1957, kule New York, mwalimu mmoja wa chuo kikuu alikuwa anashindana katika mchezo wa maulizo kwenye televisheni, mamilioni ya watu wakimtazama. Akaombwa kutaja wafalme wa inchi kadhaa. Mfalme wa Ubelgiji akamshinda. Muzee akasema: "Mwalimu muzima! Sisi batoto ba shule ya msingi tulimujua wote. Bwana Kitoko!"

Ni kweli. Baudouin alikuwa mfalme tangu 1951, na mwaka wa 1955 alitembelea Kongo, watu wakamwita kwa jina hilo. Baba alikuwa na miaka 10 wakati ule. Kwake yeye jina la mfalme halikuwa "maarifa ya jumla", lilikuwa jambo la kila asubuhi kwenye mstari wa shule. Kwa hiyo tungeweza kucheka na kuishia hapo, tukisema kwamba kila mtu anajua ya kwao. Lakini habari ya mwalimu yule ina sehemu ya pili, na sehemu hiyo haichekeshi. Ndiyo iliyonisukuma kuandika kurasa hizi, mimi ambaye ni mwalimu vilevile.

Mtu huyo aliitwa Charles Van Doren. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, na baba yake, Mark Van Doren, alikuwa mshairi mwenye sifa. Mchezo wenyewe uliitwa Twenty-One. Washindani wawili walifungiwa kila mmoja ndani ya kibanda chake cha vioo, vifaa vya kusikilizia masikioni, wasiweze kusikiana. Van Doren alishinda wiki kwa wiki, kuanzia mwisho wa 1956 hadi mwezi wa tatu 1957, akakusanya dola 129,000. Gazeti la Time lilitia picha yake kwenye ukurasa wa kwanza. Wazazi walimwonyesha kwa watoto wao: tazameni, akili nayo inaleta sifa, si mupira peke yake.

Kumbe wenye mchezo walikuwa wanampa maulizo na majibu mbele. Walimfundisha hata namna ya kusitasita, kuruka sehemu ya jibu na kuirudilia, ili watu waone kwamba anatafuta ndani ya kichwa. Hata siku ya mfalme wa Ubelgiji, alikuwa ameambiwa mbele kwamba siku hiyo atashindwa. Tarehe 2 Novemba 1959 akayakiri hayo yote mbele ya Bunge la Marekani, akapoteza kazi yake kwenye chuo na kwenye televisheni.

Mtu aliyeangushwa ili Van Doren apande aliitwa Herbert Stempel. Yeye naye alikuwa amepewa majibu, tena walimvalisha koti lisilomkaa vizuri ili aonekane maskini. Siku yake ya kushindwa akaulizwa filamu gani ilipata tuzo kubwa ya Oscar ya mwaka wa 1955. Ilikuwa Marty, filamu aliyoipenda na aliyokuwa ameiona zaidi ya mara moja. Akaamriwa kutaja nyingine. Akataja nyingine.

Tuweke watu hawa wawili kando kando. Mmoja alionyesha alichokuwa hana. Mwingine alificha alichokuwa nacho, juu mkubwa alimwambia afiche. Ni nani kati yao alisema uongo mkubwa zaidi? Wakati nilipowauliza wanafunzi wangu, kijana mmoja aliinua mkono na kuniuliza kwa upande wake: "Mwalimu, lakini Van Doren majibu yake yalikuwa sawa. Nani aliibiwa?"

Ulizo hilo ni zito, tusilipite haraka. Majibu yalikuwa ya kweli. Aliyeyasikia alijifunza jambo la kweli. Hata sheria ya Marekani ya wakati ule haikukataza udanganyifu wa namna hiyo. Ni mwaka wa 1960 tu ndipo waliweka sheria ya kuukataza. Van Doren alipofika mbele ya mwamuzi, kosa alilokubali mwaka wa 1962 lilikuwa la kusema uongo chini ya kiapo, si la mchezo wenyewe. Na wenye mchezo walijitetea: hii ni burudani tu, nani anamshitaki mchezaji wa tiatri kwa sababu si mfalme kweli? Jibu la utetezi huo ni jepesi: mtu wa tiatri anatuambia mbele kwamba anacheza. Lakini ulizo la kijana wangu linabaki palepale. Kama jibu ni sawa, uongo uko fasi gani?

Mimi nilipata jibu lake kwa njia ya aibu, na sherti niseme.

Miaka kumi na kitu iliyopita, mtoto wa dada yangu alikuwa anafanya mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exetat. Baba yake alikuwa amekufa. Nyote mnajua maulizo ya mtihani ule yanavyokuwa: unapewa majibu kadhaa, unachagua moja. Asubuhi ya hesabu, mtu aliniletea maulizo nyumbani ndani ya telefone. Nilikaa mezani, nikayafanya yote, majibu yakarudi njia ileile. Sikupokea hata franka moja. Nilijiambia: ninasaidia yatima, na siibi kitu cha mtu.

Kijana akapata asilimia 67. Tulimwagia poda kichwani mpaka akawa mweupe kama roho, tukaimba barabarani. Dada yangu alilia kwa furaha, na mimi pia.

Wiki mbili nyuma yake, majirani wakaanza kuja. Walikuwa wamesikia ile 67. Wakamletea watoto wao, asubuhi za likizo, awasaidie hesabu. Kila mzazi atatoa kidogo. Angekataa namna gani? Akatundika ubao nyuma ya nyumba. Siku ya tatu nilipita pale, nikamsikia binti mmoja akimuuliza: "Yaya, juu ya nini hii alama inageuka ikivuka kule ingine upande?" Kijana akanyamaza. Kisha akasema: "Ni vile inakuwaga." Binti akaandika ndani ya daftari yake: ni vile inakuwaga.

Mwisho wa wiki ubao ulikuwa umeondolewa. Nilipomuuliza sababu, aliniambia neno moja ambalo sijalisahau: "Mujomba, walikuwa wananiuliza tena."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona uongo ulipo. Hauko ndani ya jibu. Mtu anayejibu mbele ya watu anasema mambo mawili kwa mara moja. La kwanza ni jibu lenyewe. La pili halisemwi kwa kinywa, lakini kila mtu analisikia: niulizeni tena, hata kwa njia ingine, mtanikuta hapa. Jibu ni ahadi. Jibu la Van Doren lilikuwa sawa, ahadi yake ilikuwa ya uongo. Jibu langu la hesabu lilikuwa sawa, ahadi niliyoitia kinywani mwa mtoto wa dada yangu ilikuwa ya uongo. Na walioibiwa ni wale waliotegemea ahadi hiyo: binti yule na daftari yake, wazazi wake, na kijana mwenyewe, niliyemkatalia miezi ya kujifunza ambayo angeweza bado kuipata.

Wengine watasema: haya ni mambo ya televisheni na karatasi za Wazungu, zamani hatukuwa nayo. Mimi ninaona zamani walilifikiri jambo hili vizuri kutupita.

Tazama kitendawili. Mmoja anasema "Kitendawili!", wengine wanaitika "Tega!" Vitendawili vingi tulivijua kwa kichwa, tuliyasikia majibu kwa bibi, na hakuna aliyeitwa mwongo, juu hakuna aliyejionyesha kuwa na kitu cha pekee. Na aliyeshindwa hakufukuzwa. Aliombwa kutoa mji, akautoa, kisha jibu likasemwa wazi, wote wakasikia. Asiyejua jioni alilala akijua. Kusema "sijui" kulikuwa na bei, lakini bei ndogo, na mtu alitoka na faida. Kwetu leo, mtoto anayesema "sijui" anachekwa ndani ya kalasi, ndiyo maana anatafuta jibu hata la kununua.

Ao tazama Bwami ya Walega, hapa kwetu Kivu na Maniema. Mtu aliyepanda kuelekea daraja la kindi, lililo la juu, alionyeshwa vitu vingi: vinyago vya pembe, vya mbao, hata vitu vidogo vya pori, na kila kimoja kilikuwa na methali zake na ngoma yake. Mgeni angeweza kusema: nao wanafundisha maarifa ya jumla! Lakini kujua methali hakukutosha kumpandisha mtu. Ilikuwa sherti awe na watu wake nyuma yake, na wenye kumwongoza, na mwenendo wake utazamwe. Methali nyingi zilihusu tabia: mlafi, mgomvi, mwenye maneno mengi. Maana yake, aliyeijua methali aliulizwa tena, kila siku, na maisha yake mwenyewe. Jibu la namna hiyo huwezi kulituma kwa telefone.

Sisemi michezo ya maulizo ni mibaya. Ninaipenda. Vijana wetu wakishindana shule na shule kutaja mito, miji mikuu na miaka ya vita, ninapiga mikono, maana kukumbuka ni mwanzo wa kufikiri. Sisemi hata Van Doren alikuwa mtu bure. Alisoma mingi, na baada ya aibu ile alifanya kazi miaka mingi kwenye Encyclopaedia Britannica, fasi ambako jibu linatafutwa polepole kabla ya kuandikwa. Alikufa mwaka wa 2019, akiwa na miaka 93.

Mtoto wa dada yangu naye alirudi mezani. Jioni nyingi tulianza hesabu tangu kidato cha chini, bila haraka, bila poda. Alama ile inageuka juu tunatoa kitu kimoja pande zote mbili. Sasa anaweza kumweleza yeyote. Binti yule alipata jibu lake kwa mtu mwingine. Sikumwomba msamaha, na hilo bado linanikaa.

Tangu siku ile, mwanafunzi akinipa jibu lililo sawa, ninamwuliza jambo moja zaidi: "Umefika namna gani?" Mwanzoni walidhani ninawashuku. Siku hizi wanalingojea. Wazazi nao, wakati wa mtihani ukikaribia na mtu akipita nyumbani kukusanya feza za "majibu", wajiulize kwanza nani atakayekuja kesho kumwuliza mtoto wao tena, na atamkuta na nini.