Mama, hilo si la kutubu

Masomo ya wiki: Kutoka 2:1–10, Hesabu 11:10–17



Kipindi cha maungamo katika ibada ya kwanza ni kifupi. Tunasimama, tunasema kwa pamoja maneno yaliyomo kitabuni, tunatangaziwa msamaha, tunakaa. Yako maungamo mengine yanayokuja baadaye, watu wakishatawanyika. Mama ana mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, anasogea pembeni na kusema, "Mchungaji, nina jambo dogo tu." Katika kuchunga usharika hapa Dar es Salaam nimejifunza kuyasikiliza hayo madogo. Simtaji mtu leo, na ninayoyaandika nimeyachanganya makusudi asitambulike yeyote, kwa sababu aliyekuja kwa siri hatolewi hadharani. Lakini yanafanana mno, na kwa kuwa yanafanana, ni vyema tuyazungumze sote.

Mmoja anaungama kwamba usiku mtoto akilia hujifanya amelala, ili baba mtoto aamke walau mara moja. Mwingine akishuka daladala jioni haendi nyumbani moja kwa moja. Anakaa kwenye benchi la muuza juisi ya miwa, hazungumzi na mtu, mpaka giza liingie. Akifika anasema foleni ilikuwa kubwa. Yuko anayesaini daftari la mazoezi la mtoto bila kulitazama. Yuko aliyekula chapati ya mwisho akiwa amesimama jikoni, watoto wameshalala, na moyo ukamsuta usiku kucha. Na wengi wanaungama kwamba wakipiga magoti kuomba, wanakuja kushtuka usiku wa manane wako palepale, kichwa kimelalia ukingo wa kitanda, sala haijafika amina.

Wanayasema haya kwa machozi, na ndicho kinachoniuma. Sijawahi kumwona baba akija kulia ofisini kwangu kwa sababu hakuhudhuria kikao cha wazazi shuleni.

Kusema foleni ilikuwa kubwa wakati hapakuwa na foleni ni uongo, na siwezi kuuita jina lingine. Lakini mama akiniuliza amwambie nini mumewe, namwambia aseme kweli: "Nilikaa kituoni kwa sababu nilihitaji kupumua kabla sijaanza kazi ya pili." Kweli hiyo ni nzito kuliko uongo wa foleni, na ndiyo maana wengi huikwepa. Kuhusu usingizi katikati ya sala, mkasome 1 Wafalme 19. Elia alilala chini ya mti akiwa amekata tamaa. Malaika alimwamsha akamlisha, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili akamlisha tena. Hakuulizwa kwa nini alilala.

Sasa twende kwenye somo la kwanza. Yokebedi, mama yake Musa, tunamkumbuka kwa kile kisafina alichokipaka lami na kukiweka kwenye majani kando ya mto, na mahubiri mengi huishia hapo. Naomba msome polepole mstari wa 2 na wa 9. Alimficha mtoto miezi 3, kisha hakuweza tena. Halafu binti Farao anamwambia amchukue mtoto, amnyonyeshe kwa niaba yake, naye atampa mshahara. Fikirini jambo hilo. Mama anaajiriwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe, na anayemlipa anatoka katika nyumba ileile iliyotoa amri watoto wa kiume wafe. Anaondoka na mtoto kifuani akijua siku zinahesabika. Mtoto akishakua, anampeleka kwa mwajiri, na jina la Musa anapewa na mwanamke mwingine. Maandiko hayamlaumu Yokebedi kwa kupokea ule mshahara wala kwa kumkabidhi mtoto. Waebrania 11:23 inawataja wazazi wake miongoni mwa watu wa imani.

Mama wa leo naye hufika miezi 3 akaambiwa arudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Baba anapewa siku 3. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. Pigeni hesabu wenyewe. Likizo inakwisha mtoto hajafika hata nusu ya safari hiyo, na mama anabaki katikati, huku kliniki ikimwambia hivi na ofisi ikimwambia vile.

Hapa ndipo linapotoka ungamo ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko mengine yote: "Mchungaji, nimemwanzishia mtoto uji kabla ya wakati." Mmoja alinieleza inavyokuwa. Saa 5 asubuhi maziwa yanajaa, kifua kinauma, blauzi inalowa mbele ya wateja. Anaomba ruhusa, anaingia chooni, anafunga mlango na kuyakamua kwenye sinki la kunawia mikono, kisha anafungua bomba. Yanakwenda na maji. Wakati huohuo nyumbani Mbagala mtoto analishwa uji kwa kijiko. Aliniuliza kama Mungu anamhesabia ule uji.

Nilimjibu na nawajibu wote mlio kama yeye: hapana. Na kama kuna anayepaswa kutubu, tumtafute mahali pengine. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kufanya hivyo ndani ya muda wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Wengi wenu hamjawahi kuambiwa. Najua kwamba kwa anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta saa 2 hazimfikishi nyumbani na kumrudisha. Basi kaeni na mwajiri mkubaliane: uingie baadaye asubuhi, au utoke mapema jioni, au upewe chumba chenye kiti na mlango unaofungwa, mahali pa kukamua maziwa na kuyatunza kwenye jokofu. Waajiri hao si watu wa mbali. Humu usharikani wamo wenye maduka, saluni, zahanati na shule, na wanashiriki Meza ya Bwana pamoja na wafanyakazi wao. Ndugu yangu mwenye biashara, kama binti anayekusimamia duka anakamulia maziwa chooni, jambo hilo ni lako kabla halijawa lake.

Na wako wasio na mwajiri wa kumwomba lolote. Mama lishe, muuza vitumbua, mama anayefuata samaki Feri alfajiri, hao likizo yao ya uzazi ni ile pesa waliyobakiza. Ikiisha wanarudi barabarani na mtoto mchanga kwenye kanga, moshi wa kuni ukimpitia usoni. Jumuiya inapopeleka zawadi ya mtoto, beseni na sabuni ni vizuri, lakini ninashauri mpeleke na pesa ya kumkalisha mama nyumbani wiki mbili zaidi.

Kuna ungamo moja ambalo sitalipunguza uzito, kwa sababu lenyewe ni dhambi kweli. Ni lile la mama anayeonewa kazini mchana, naye jioni akamwonea dada wa kazi. Anamkata mshahara kwa sababu chupa ya chai imevunjika. Anamnyang'anya simu. Anamwachia ukoko, anamlaza sakafuni, hampi hata Jumapili moja ya kuja kanisani, na akisikia mtoto anamwita dada "mama", hasira zote zinamshukia yule binti. Mwanamke anayesifiwa katika Methali 31 anaamka kungali usiku na kuwapa watu wa nyumbani chakula, na mstari wa 15 unasema wazi kwamba wajakazi wake nao wanapata sehemu yao. Na kule mtoni, aliyesimama mbali kuona kitakachompata mtoto, kisha akapata ujasiri wa kuzungumza na binti wa mfalme, alikuwa msichana, dada yake Musa. Bila akili ya msichana huyo Yokebedi asingempata tena mwanawe.

Tena wengi wa hawa dada zetu ni mama pia. Ameacha mtoto kwa bibi yake Singida au Njombe, anamlea wako ili wa kwake apate daftari na viatu. Anapombembeleza mwanao usiku, anamfikiria wa kwake. Maungamo yake hakuna anayeyasikia, kwa kuwa hapewi hata nafasi ya kufika hapa. Mlipeni kwa tarehe mliyoahidi. Mpeni siku ya kupumzika. Na kama uliyemleta ni mtoto wa miaka 12 au 13, mrudishe kwao akasome. Sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na hata isingekataza, ningekwambia hivyohivyo.

Turudi kwa Musa, katika somo la pili. Mtoto aliyenyonyeshwa kwa mshahara sasa ni kiongozi wa taifa jangwani. Watu wamechoshwa na mana. Wanalia, kila mmoja mlangoni pa hema lake, wanataka nyama, wanawakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu. Mama yeyote aliyefunua sufuria ya maharage siku ya tatu mfululizo anakijua kilio hicho. Musa analemewa. Anamuuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa, kama ni yeye aliyewazaa, hata aambiwe awabebe kifuani kama anavyobebwa mtoto anayenyonya. Anasema hawezi kuwabeba peke yake. Anafika mahali pa kuomba kufa kuliko kuendelea hivyo.

Nimewahi kuwasikia akina mama wakisema maneno yanayokaribia hayo, kisha wakajifunika mdomo kwa hofu ya kwamba wamekufuru. Tazameni Mungu alivyomjibu Musa. Hakumkemea kwa kulalamika, wala hakumwambia afunge na kuomba zaidi. Alimwambia akusanye wazee 70, wasimame pamoja naye, wauchukue mzigo wa watu pamoja naye, asiubebe peke yake. Kilio cha aliyechoka kilijibiwa kwa kuongezewa mikono.

Sisi kanisani tumekuwa tukijibu kwa namna nyingine. Mama akisema amechoka tunamwombea, kisha tunampangia zamu. Jumuiya ya alfajiri, yeye. Kufagia kanisa Jumamosi, yeye. Mazoezi ya kwaya, mchango wa kitenge cha sare, kupika siku ya ugeni wa Askofu na kuosha vyombo wageni wakishaondoka, yeye. Akikosa mara mbili, jina lake linasomwa kwenye kikao cha Umoja wa Wanawake na anaulizwa amepatwa na nini kiroho. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo tunavyouona mzigo wa mama: anaubeba kila siku, kwa hiyo tumeshaamini hauna uzito. Mama aliyetoka kazini saa 12 jioni, akapika, akaogesha watoto, akafua sare za shule na kuzipiga pasi, hana upungufu wa imani. Ana upungufu wa watu wa kumsaidia.

Kwa hiyo neno langu la wiki hii ni kwa wazee wa kanisa na kwa akina baba. Wazee 70 wa Musa hawakupewa vyeo vya kukalia viti vya mbele, walipewa mzigo. Baba unayesoma haya, pasi unaijua ilipo. Daftari la mtoto unajua kulisoma. Mtoto akilia usiku, na wewe una masikio. Ukimwona mama watoto amechelewa kurudi, usianze na swali la alikuwa wapi, anza na kuinjika maji.

Jumapili ijayo, mara baada ya ibada ya kwanza, wazee wa kanisa na akina baba wote tutabaki. Tutapanga upya zamu za usafi wa kanisa na za jikoni, na tutachagua watakaokaa na watoto wadogo chumba cha Shule ya Jumapili wakati wa ibada, ili mama asikilize neno mpaka mwisho bila kutoka nje kumbembeleza mtoto. Naomba kila baba abaki na watoto wake. Akina mama siku hiyo hamtahitajika kikaoni, wala kupika chai ya kikao. Nendeni nyumbani mkalale.